Maji Yapenyayo Katika Kuta za Kioo

Majumba marefu ya siku hizi huvikwa kuta za kioo na alumini. Kuta hizo hazibebi mzigo wa nyumba. Mzigo huchukuliwa na nguzo na sakafu, na ukuta umefungwa nje yake mfano wa pazia. Hupendeza sana, lakini zikivuja, dari huharibika, vyuma hushikwa na kutu, na tundu lenyewe ni shida kulipata.

Jumba la Ofisi Kuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, lenye orofa 39, lilianza kutumiwa mwaka 1950. Ukutani palikuwa na vitundu vya kutolea maji. Zilipokuja dhoruba, upepo uliipandisha mvua ukutani, ikaingia kwa vitundu vile vile vilivyowekwa ili kuitoa.

Mwaka 1963 Kirby Garden, mtaalamu wa Baraza la Utafiti la Taifa la Kanada, alieleza kwamba maji hayapenyi ukuta ila yakutanapo mambo matatu: maji yenyewe, tundu, na nguvu ya kuyasukuma. Mvua haizuiliki. Matundu nayo hayaishi, kwani gundi hukauka na mipira ya kuzibia hupasuka kwa jua. Basi iliyobaki ni kuiondoa nguvu.

Njia yake ni kujenga ukuta wa tabaka mbili, na nafasi ya hewa katikati. Tabaka la ndani huzibwa barabara, hewa isipite. La nje huachiwa matundu, ili upepo uvumapo, hewa ya katikati iwe na nguvu sawa na ya nje; hapo maji hayana wa kuyasukuma. Nafasi hiyo yapasa kugawanywa vyumba vyumba, hasa karibu na pembe za jumba, hewa isikimbie huku na huku. Maji machache yaingiayo huteremka na kutokea chini, penye vitundu vilivyokingwa na upepo.

Yafaa mwenye jumba asilipokee kabla ukuta haujajaribiwa kwa maji ya mpira, kuanzia chini kwenda juu, ili panapovuja pajulikane. Tena awaonye mafundi wa matengenezo wasizibe vitundu vya chini. Azibaye vitundu hivyo hakuzuia mvua. Ameyafungia maji ndani ya nyumba.