Mwoga Asichekwe, Aongozwe

Mtu mzima anapomkimbia kinyonga, nyumba nzima huangua kicheko. Mwanamume anayepanda ngazi hadi ghorofa ya nane kwa kuogopa lifti hupewa jina la utani kazini, na mama anayezimia kwa kuona sindano huambiwa anadeka. Watoto ndio huonewa zaidi: anayemlilia paka hushikwa mkono kwa nguvu akalazimishwa kumpapasa, tena mbele ya wenzake, ati azoee. Mambo haya hayafanywi kwa nia mbaya, lakini yanaumiza, na mara nyingi huikoleza hofu ileile yanayokusudia kuiondoa.

Kwanza hofu hii itenganishwe na hofu ya busara. Wahenga hawakukosea waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na kuua watu 272. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, na mamia ya roho zikapotea. Abiria anayekataa kupanda chombo kilichojazwa kupita kiasi hana ugonjwa, ana busara. Hofu huwa maradhi pale inapoizidi hatari yenyewe kwa mbali, ikakaa miezi na miaka, kisha ikaanza kumpangia mtu maisha: njia ya kupita, kazi ya kukubali, hospitali ya kukwepa. Madaktari huiita fobia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi 22, ulionyesha kuwa watu takriban 7 katika kila 100 hupatwa nayo wakati fulani maishani, na kwa wengi huanza utotoni.

Ushujaa haumkingi mtu nayo. Dennis Bergkamp, Mholanzi aliyeichezea Arsenal kuanzia 1995 hadi 2006, aliwahangaisha mabeki wa Ulaya nzima, lakini ndege ilimshinda. Baada ya Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani aliacha kabisa kuruka. Mechi nyingi za ugenini za Ulaya alizikosa, na nyingine alizifuata kwa barabara na reli. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba ndege ni salama kuliko gari, hasaidiki kitu. Pengine analijua hilo kuliko anayemwambia.

Hasaidiki kwa sababu hofu haingojei hoja. Ndani ya ubongo mna kiungo kidogo chenye umbo la lozi, amigdala, ambacho hupiga mbiu ya hatari kabla sehemu ya kufikiri haijamaliza kutazama. Moyo huenda mbio, jasho humtoka mtu na magoti humlegea, ndipo akili ifike kuuliza kulikoni. Na kiungo hicho hujifunza upesi mno. Mswahili alikwisha kuliona hilo zamani aliposema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka 1920 huko Baltimore, Marekani, wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner walilithibitisha jambo hilo kwa njia ambayo leo hakuna daktari mwadilifu ambaye angeiruhusu. Walimchukua mtoto mchanga waliyemwita Albert, asiyeogopa mnyama yeyote, wakawa wanamwonyesha panya mweupe huku wakigonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Baada ya kurudia mara chache tu, mtoto alilia kwa kumwona panya peke yake. Kisha akamwogopa sungura, akamwogopa mbwa, akaogopa hata koti la manyoya. Akaondolewa katika hospitali lilikofanyika jaribio hilo kabla hofu ile haijafutwa.

Si lazima mtu aumizwe mwenyewe ndipo aogope. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Susan Mineka alionyesha kuwa kima wadogo waliolelewa maabara, wasiojua nyoka, waliingiwa na hofu ya nyoka baada tu ya kuwaona wazazi wao wakimwogopa. Mama anayeruka juu ya kiti kwa sababu ya mjusi anamfundisha mwanawe somo zima bila kutamka neno.

Hofu ikishaingia, kinachoinenepesha ni kukimbia. Anayegeuza njia kwa sababu ya mbwa hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego, maana ubongo huandika kwamba amepona kwa kuwa alikimbia. Kesho atakimbia mapema zaidi. Ni mkopo wa riba: leo unatuliza, mwisho wa mwezi deni limekua. Baada ya miaka kadhaa mtu hana tena njia ya kupita.

Lakini kilichofunzwa chaweza kufundishwa upya, na hili si tumaini tupu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, naye wa Marekani, alichapisha habari za Peter, mtoto aliyekaribia miaka mitatu, aliyemwogopa sungura kama Albert. Jones hakumlazimisha wala hakumcheka. Alimketisha ale chakula akipendacho, sungura akiwa ndani ya kizimba upande wa pili wa chumba, kisha kila mara akamsogeza kidogo, kwa kadiri mtoto alivyoweza kustahimili. Wakati mwingine aliwaleta watoto wasioogopa wacheze naye mbele ya Peter. Katikati ya kazi mtoto aliugua homa, na alipokuwa akitoka hospitali mbwa mkubwa akamrukia, hofu ikarudi. Jones hakukata tamaa, akaanza upya. Mwishowe Peter alimwacha sungura amng'ate vidole taratibu bila kulia.

Afrika nayo ina mchango wake hapa. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari waliovurugwa na vita walipewa dawa za kuwalegeza ili wasimulie yaliyowasibu, lakini nafuu haikudumu. Akatafuta njia nyingine, na mwaka 1958 akachapisha kitabu kilichoieneza duniani: mgonjwa afundishwe kwanza kuutuliza mwili, kisha aikabili hofu yake kwa daraja, kuanzia iliyo nyepesi.

Njia hiyo inaeleweka na kila mtu. Anayeogopa mbwa aanze kwa picha. Akishatulia, amtazame mbwa aliyefungwa akiwa mbali, kutoka dirishani. Kisha asimame uani, kisha asogee, mwisho amguse mbwa mpole mbele ya mwenye mbwa. Sharti ni moja: asiondoke hofu ikiwa kileleni, akae mpaka ishuke yenyewe, kwa maana hushuka. Na hatua achague yeye, anayemsaidia asimsukume. Kumtupa baharini mtoto anayeogopa maji si kumfundisha kuogelea, ni kurudia kosa la Watson. Hofu nzito zaidi zahitaji mtaalamu, na kazi yake huenda isiwe ndefu: mwaka 1989 Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza tiba ya kikao kimoja kisichozidi saa tatu, iliyowafaa wengi wenye hofu ya kitu mahususi.

Wanaozimia kwa kuona damu au sindano wana tiba ya peke yao. Kwao shinikizo la damu hupanda kidogo kisha huporomoka, hivyo kuambiwa walegee kwaweza hata kuwaangusha. Öst na wenzake waliwafundisha kukaza misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso uhisi joto, kuachia kidogo, kisha kurudia. Mkono unaochomwa sindano huachwa umelegea. Ni jambo la kufundishwa katika kila zahanati inayotoa chanjo.

Tatizo ni kwamba wengi hawafiki kwa mtaalamu. Kijana akishikwa na hofu husemwa ana pepo au amerogwa, na majina ya hospitali za wagonjwa wa akili, Mirembe na Mathari, yamegeuzwa matusi, hata anayehitaji msaada huona aibu kuuomba. Dua na sala zina nafasi yake na hazipingani na tiba. Lakini kumficha mgonjwa ndani miaka kumi kwa kuogopa maneno ya majirani ni dhuluma.

Basi kila mmoja ashike lake. Mwalimu asimsimamishe mbele ya darasa mtoto anayetetemeka ili wenzake wamcheke. Mume amsindikize mkewe kwenye lifti, ghorofa moja leo, mbili wiki ijayo. Na wazazi waache leo hii ule usemi wa nyumba nyingi, kwamba mtoto akikataa kula atapelekwa kwa daktari adungwe sindano. Siku atakapougua kweli, atahitajika kumwamini daktari huyohuyo.