Kirongozi, Mkandarasi na Kanuni za Kompyuta

Msafara uliotoka Tabora kuelekea pwani katika karne ya 19 haukumpata kirongozi wake kwa kusoma barua za sifa. Wapagazi wa Kinyamwezi walimjua aliyewahi kuwavusha pori lisilo na maji, na walimjua pia aliyewapoteza. Huikumbuka desturi hiyo kila ninaposikia hapa Kanyenye kwamba kompyuta ndiyo itakayokomesha upendeleo katika kuchagua makandarasi.

Siipingi kompyuta. Tangu 2023 ununuzi wa umma nchini umehamia kwenye mfumo wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo ikautambua. Mzabuni hapeleki tena bahasha mlangoni kwa ofisa, nami naona hilo si jambo dogo. Kinachopigiwa debe sasa ni mfumo wa kitaalamu: programu iliyolishwa kanuni za wahandisi na wakadiriaji majenzi waliobobea, ikapima mitambo, watumishi, mtaji na uzoefu wa kila mzabuni, kisha ikatoa alama.

Lakini programu hupima ilichoambiwa. Madaraja ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, la kwanza hadi la saba, hueleza kampuni inaruhusiwa kubeba kazi ya ukubwa gani, hayaelezi iliibebaje. Mtaro ukipasuka kwa mvua za kwanza baada ya makabidhiano, anayejua ni mama anayeuruka kila asubuhi akienda sokoni, pamoja na aliyesaini cheti cha kukamilika kwa kazi. Cheti hicho kikiwa ndicho ushahidi wa uzoefu, mashine itampandisha mkandarasi yuleyule, safari hii bila hata ile aibu kidogo ya mwanadamu.

Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford kilitengeneza MYCIN, mfumo wa kupendekeza dawa za maambukizi ya bakteria. Daktari aliweza kuuhoji kwa nini, nao ukamwonyesha kanuni iliyotumika. Mzabuni aliyeshindwa anastahili jibu la namna hiyo: kanuni ipi, uzito kiasi gani, na nani aliyeupanga.

Kabla ya kununua programu yoyote, taarifa ya kipindi cha matazamio ya kila mradi isomwe kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti asaini pamoja na mhandisi, na alama za uzoefu zitoke humo.