Kijana Akiiacha Njia ya Ndege

Jaalia simu inalia Same baada ya swala ya Isha. Aliyepiga ni kijana wa nyumba hiyo aliye masomoni katika chuo cha urubani, Nairobi au Afrika Kusini, na sauti yake iko chini. Asubuhi ile ndege ndogo ya mafunzo imemshinda akiwa peke yake: iligusa ardhi, ikadunda, ikavutika kushoto, ikaiacha njia na kusimama majanini, tairi la mbele limevunjika. Yeye hakuumia. Kabla hajamaliza kusimulia, baba keshatamka neno moja: arudi. Shangazi anakumbusha kwamba yeye alilisema hilo tangu mwanzo. Mjomba ameanza kuhesabu magunia ya tangawizi ya Mamba Miamba yaliyokwenda katika ada.

Mzazi mwenzangu, hofu ya baba huyo si ya kubezwa. Tarehe 23 Septemba 2019, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ilianguka Seronera, ndani ya Serengeti, mara tu ilipoanza kuruka, na waliofariki walikuwa wawili: rubani na kijana aliyekuwa akijifunza kazi. Tarehe 28 Novemba 2023, katika kiwanja cha Kikoboga, Mikumi, ndege mbili ziliharibika kwa siku moja, moja ikitua na nyingine ikijaribu kuondoka. Hapo, alhamdulillah, watu walinusurika. Mwenye kumwambia mzazi kwamba urubani hauna hatari anamdanganya.

Lakini hofu isiyojua inachokiogopa humuumiza mtoto bila ya kumkinga. Kwa hiyo tuitazame ndege yenyewe.

Ndege nyingi za mafunzo ni aina ya Cessna 172, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955 na kuundwa kwa zaidi ya 40,000. Ikiwa ardhini haiongozwi kwa mikono. Usukani ule anaoushika rubani hugeuza mabawa, si magurudumu. Njia hufuatwa kwa nyayo, kwa pedali mbili zinazogeuza tairi la mbele na ule ubao wa wima ulioko mkiani. Kijana aliyekulia kwenye bodaboda na gari mikono yake imekwisha kufundishwa kinyume cha hayo. Ndege ikienda kombo, jambo la kwanza analolifanya ni kuzungusha usukani, nayo haimsikii. Sekunde mbili zinatosha, kwa kuwa wakati huo ndege inakimbia karibu kilomita 100 kwa saa.

Tena kuna nguvu zinazoivuta. Injini ikiwa katika nguvu zote wakati wa kuondoka, mzunguko wa pangaboi huivuta pua kushoto, na mguu wa kulia lazima ujibu. Kuna upepo wa ubavuni pia. Watu wa Same hawahitaji kuelezwa upepo: mji wao umekaa penye mwanya kati ya milima ya Upare ya Kaskazini, yaani Usangi na Ugweno, na ile ya Kusini yenye kilele cha Shengena cha mita 2,462; upepo unaobanwa na milima hupenya hapo kwa kasi na kupeperusha vumbi na mabati. Ndege ikikutana na upepo wa namna hiyo, mkia uliosimama wima huushika mfano wa tanga, ukasukumwa kando, na pua ikageukia kule upepo unakotoka. Kwa Cessna 172, upepo wa ubavuni uliojaribiwa na waundaji wake ni wa noti 15, takriban kilomita 28 kwa saa. Huo ni kwa mkono uliozoea. Mwanafunzi huwekewa kiwango cha chini zaidi na mkufunzi wake.

Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kilicho na vyuo vingi vya urubani, kiko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa ardhi kwa mwendo mkubwa kuliko Dar es Salaam hata kama kipimo ndani yake kinaonyesha namba ile ile.

Ajali yenyewe, basi, aghalabu huanza kwa kosa dogo. Ndege inagusa ardhi kwa nguvu, inadunda. Mwanafunzi anaogopa, anaisukuma pua chini, inadunda tena. Au inapinda kidogo kushoto, anakanyaga kulia kupita kiasi, kisha kushoto kupita kiasi, na kila sahihisho linakuwa kubwa kuliko lililotangulia. Dawa anayofundishwa ni kuongeza nguvu za injini, kupaa, kuzunguka na kuja kutua upya. Ni rahisi kuiandika. Ardhi ikiwa chini ya pua, moyo unataka kumaliza tu.

Kutua kumewashinda wakubwa. Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, katika Andalusi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 887, anasimuliwa na mwanahistoria al-Maqqari kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka umbali kadhaa, kisha akaumia mgongo alipotua. Sababu iliyotajwa ni kwamba hakujua ndege wa angani hutua kwa msaada wa mkia, naye mkia hakujifanyia. Al-Maqqari aliandika karne nyingi baadaye, na wapo wanaotilia shaka masimulizi hayo. Mimi napenda kwamba waliosimulia hawakuishia kwenye sifa za kuruka. Waliihifadhi na sababu ya kuumia.

Nyumbani kwetu sababu huzikwa kwa neno moja: kadari. Kuamini kadari ni katika imani, lakini hakujapata kumkataza mtu kuuliza kwa nini gurudumu lilikwenda kushoto. Kisa cha bedui na ngamia wake hufundishwa katika kila madrasa, na ngamia alifungwa kwanza. Taaluma ya anga nayo imejengwa juu ya kuuliza huko. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaweka kwamba uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kugawa lawama. Nchini mwetu uchunguzi huo uko chini ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi, na leseni hutolewa na chombo kingine, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Sasa rudi kwenye ile simu. Kijana amepiga mwenyewe, usiku ule ule, akataja kudunda na kuacha njia. Hilo ndilo la thamani kuliko ile ndege. Mwenye kuficha kutua kubaya mara moja, kwa kuogopa shangazi, ataficha na uchovu, na kizunguzungu, na upepo aliouona akanyamaza. Siku moja atakuwa na abiria nyuma yake. Huyo ndiye wa kurudishwa nyumbani.

Baba na amwache amalize. Kisha aulize: upepo ulitoka upande gani, na mkufunzi aliuonaje kabla ya kumruhusu? Alikuwa na saa ngapi za kuruka? Kanuni za kimataifa zinataka saa zisizopungua 40 na umri wa miaka 17 kwa leseni ya rubani binafsi, zikiwemo saa 10 za kuwa peke yake; kwa leseni ya biashara ni saa 200, au 150 katika chuo kilichoidhinishwa. Amekwisha kuandika taarifa chuoni? Mkufunzi atarudi naye ndegeni lini? Mtoto asiyeweza kujibu lolote, au anayemlaumu kila mtu ila mguu wake, anastahili mazungumzo marefu zaidi.

Na mjomba mwenye hesabu ya tangawizi ana lake la haki. Tairi la mbele likivunjika, pangaboi hupiga ardhi, na injini hulazimika kufunguliwa na kukaguliwa. Gharama yake si ndogo. Kabla ya kulipa ada ya muhula wowote, omba mkataba wa chuo na usome kipengele cha bima: ndege ikiharibika mikononi mwa mwanafunzi aliye peke yake, nani analipa, na sehemu gani inabaki kwa mzazi. Jibu la mdomo halitoshi; lichukue kwa maandishi, lenye sahihi na muhuri.