Katiba Haikusema Raia

Ukikaa nje ya duka pale Leparua, ukingojea bodaboda ya kukurudisha Isiolo mjini, utasikia mengi kabla chai haijapoa. Mimi nilisikia hili. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akisimulia lori aliloliona likisimamishwa kwenye barabara kuu itokayo Moyale. Turubai likafunuliwa, wakashushwa vijana wa Kihabeshi, wembamba, midomo imekauka, kandambili miguuni. Wakapangwa kando ya lami, mikono kichwani, wakapekuliwa hadi kwenye upindo wa suruali. Mmoja wao alikuwa ameficha noti ndani ya mshipi, zimekunjwa ndogo kama hirizi. Zilichukuliwa na hakuna aliyeziandika popote. Simu nazo zikafuata njia hiyo hiyo.

Mzee aliyekuwa ameegemea fimbo yake akauliza, "Na wao hawakusema kitu?"

Kijana akacheka. "Mzee, watasema nini? Si ni wageni? Mgeni hana haki mbele ya polisi."

Waliokuwepo wakaitikia kwa kichwa, kama watu walioambiwa sukari imepanda bei tena. Hakuna aliyebisha. Nami, kwa aibu yangu, nilikunywa chai nikanyamaza. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Usemi huo ni uongo. Na kati ya watu wote wa Kenya, mkazi wa Isiolo ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kuuamini.

Tuanze na Katiba ya 2010, kwa kuwa tunapenda kuitaja kuliko kuisoma. Sura ya Nne, ile ya haki, ina maneno mawili ambayo waandishi wake hawakuyachanganya: "raia" na "kila mtu". Walipotaka kumtenga raia, walimtaja. Haki ya kupiga kura ni ya raia. Haki ya kuingia nchini na kuishi popote ni ya raia. Hata haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali wakampa raia peke yake. Lakini walipofika kwenye mwili wa binadamu, nguo zake, mifuko yake na nyumba yake, neno likabadilika. Kila mtu ana haki ya utu wake kuheshimiwa, ndicho Kifungu cha 28. Kila mtu ana haki ya kutonyimwa uhuru wake bila sababu halali, ndicho cha 29. Kila mtu ana haki ya faragha, na ndani yake kutopekuliwa ovyo, ndicho cha 31. Kifungu cha 49, cha aliyekamatwa, hakiulizi kabisa alizaliwa wapi.

Na huyu "mtu" ni nani? Kifungu cha 260 kinafafanua, na hapa hucheka peke yangu kila nikisoma: neno hilo linajumuisha hata kampuni na chama. Yaani kiwanda cha soda ni mtu mbele ya Katiba ya Kenya, halafu sisi tumeketi Leparua tunabishana kama kijana aliyezaliwa na mama yake naye ni mtu.

Nijuavyo, hapa ndipo msomaji mmoja atakaponirukia: kwa hiyo polisi wasimguse mgeni? La. Sijasema hivyo, na sheria haisemi hivyo. Polisi ana mamlaka ya kulisimamisha gari. Anaweza kumkamata bila hati mtu anayemshuku kwa sababu ya maana. Mgeni anayekaa nchini kwa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kujiandikisha na kupata kadi yake, na kuulizwa stakabadhi si kuonewa. Asiye na kibali anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, na adhabu si ndogo: faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Asiye na kibali ana kesi ya kujibu, na hilo halimgeuzi kuwa mzigo usio na mwenyewe.

Rudi kwenye lile lori uone. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu polisi kumpekua aliyekamatwa na kuviweka salama vitu alivyomkuta navyo. Kuviweka salama, si kuviweka mfukoni. Ikiwa kati ya wale vijana kuna msichana, sheria hiyo hiyo inasema mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, na kwa staha. Wakitiwa mbaroni, ni lazima waambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha wanayoielewa. Wana haki ya kunyamaza. Wana haki ya kuwasiliana na wakili, au na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake wanauhitaji. Wafikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Na muda huo ukiishia siku ambayo mahakama haiketi, wafikishwe siku inayofuata ya kazi. Huko mahakamani, asiyejua lugha ya kesi hupewa mkalimani bila kulipa hata senti.

Suala la lugha ndilo linalonikera zaidi, maana kwetu halina udhuru. Isiolo si mji wa kukosa mkalimani. Kioromo cha Muethiopia na Kiborana cha jirani yako wa Bulla Pesa ni ndugu wa damu. Mama muuza maziwa sokoni angemweleza yule kijana kosa lake kwa dakika 2. Kisomali kimejaa kila duka. Basi afande anaponguruma kwa Kiswahili mbele ya mtu asiyejua hata "habari yako", halafu akaandika kwamba mshukiwa "amekataa kushirikiana", asituambie ni shida ya lugha.

Kuna haki nyingine ambayo wengi hawajaisikia. Kwa Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, ambao Kenya imeukubali, raia wa nchi nyingine akikamatwa anaweza kutaka ubalozi wake ujulishwe. Ila atake mwenyewe. Wako waliokimbia serikali zao, na kumpigia balozi simu kabla ya kumuuliza mhusika ni kumkabidhi chui mbuzi. Ndiyo maana Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo atateswa au kuuawa. Ukiwa kwenye kizuizi cha barabarani, kwa jicho tu, huwezi kujua nani anasafiri kutafuta kazi Afrika Kusini na nani anakimbia risasi. Kazi hiyo ni ya maafisa wa wakimbizi na mahakama.

Sasa niulize swali la kichokozi. Leparua inapakana na hifadhi ya wanyamapori ya Lewa. Magari ya watalii, watafiti na Wazungu waliohamia huku hupita kila wiki. Umewahi kumsikia mtu akisema, gari la namna hiyo likisimamishwa, "Hao ni wageni, hawana haki"? Mimi sijawahi. Mzungu hutabasamiwa, hutakiwa safari njema. Maana yake hata wasemaji wa usemi huu hawauamini. Wakisema "mgeni" wanamkusudia Muethiopia, Msomali, mtu wa Sudan Kusini: mgeni mwenye njaa, anayefanana nasi.

Kufanana huko ndiko kutakakotuponza. Nani humtambua mgeni usiku, kwa tochi? Mborana yuko pande zote mbili za mpaka. Msomali vivyo hivyo. Mturkana ana jamaa zake mbali na hapa. Kijana wa Leparua aliyesahau kitambulisho nyumbani, Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani kwao, ana tofauti gani na yule wa kwenye lori? Hana. Tukishakubali kwamba mgeni hana haki, tumempa mwenye tochi mamlaka ya kuamua nani mgeni, na hukumu inatolewa kabla ya kitambulisho kutafutwa. Haki ya mgeni ndiyo ngao ya mwenyeji aliyedhaniwa mgeni.

Na sisi tumekwisha kudhaniwa wageni, tena kwa miaka mingi. Mkoloni aliufunga mkoa wa kaskazini kwa sheria ya 1902, akaongeza nyingine 1934. Isiolo ikawa kama mlango, wa kupita apite kwa pasi. Mwafrika mwanamume alivishwa kipande ndani ya kikopo cha chuma shingoni, na neno hilo "kipande" hatujaliacha hadi leo tukimaanisha kitambulisho. Uhuru ulipokuja 1963, haukumaliza hata mwezi kaskazini kabla ya hali ya hatari kutangazwa, na sheria zake za dharura zilidumu hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliitwa wahojiwe upya na kupewa kadi ya pekee, wathibitishe kwamba ni Wakenya. Msako wa Usalama Watch wa Aprili 2014 ulizoa maelfu ya watu Eastleigh, wengine wakafungiwa uwanjani Kasarani, na ndani ya kundi hilo walikuwamo wenye vitambulisho halali. Ni juzi tu, Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza mwisho wa mchujo wa ziada kwa wakazi wa kaskazini wanaoomba kitambulisho. Watu wenye historia hii ndio leo wanaoitikia kwa kichwa wakiambiwa mgeni hana haki!

Najua hoja ya usalama. Siidharau, huku Leparua watu wamezika jamaa zao waliouawa kwa bunduki za wezi wa mifugo, na nchi nzima inawakumbuka 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa 2015. Lakini aliyetajwa kuongoza shambulio la DusitD2, Nairobi, Januari 2019, watu 21 wakafa, hakuwa Muethiopia wa kwenye lori. Alikuwa Mkenya mwenye kitambulisho, kijana aliyelelewa Isiolo hapa hapa. Anayetafuta hatari kwa kutazama pasipoti atampungia mkono muuaji apite, huku akiwavua soksi wenye njaa. Halafu kijana aliyeporwa noti za mshipini hatarudi kituoni kueleza ni nani aliyempakia lorini na alilipwa kiasi gani, na hiyo ndiyo habari ambayo polisi mwenye akili angeitaka.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa bodaboda, ukiona tena lori limefunuliwa turubai, usiingilie kazi ya polisi wala usigombane na mwenye bunduki. Tazama kifua chake. Sheria inamtaka polisi aliyevaa sare awe na jina au namba inayoonekana. Ishike kichwani pamoja na saa na mahali. Kituoni kuna kitabu cha matukio, ile OB, na mtu yeyote anaweza kuuliza akina fulani wameandikwa kwa namba gani. Juu ya polisi kuna mamlaka ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inayopokea malalamiko, na haimfukuzi mlalamikaji kwa kuwa hana kitambulisho cha Kenya.

Wakiendelea kubisha hapo dukani, waambie habari ya Arshad Sharif. Alikuwa mwandishi wa habari kutoka Pakistan, mgeni kamili, hana hata mwaka hapa nchini. Usiku wa Oktoba 23, 2022, gari alimokuwa lilimiminiwa risasi na polisi kwenye kizuizi katika Kaunti ya Kajiado, akafa. Polisi walisema walilidhania gari lililoibwa. Mjane wake akaenda mahakamani, na Julai 2024 Jaji Stella Mutuku wa Mahakama Kuu ya Kajiado akaamua kwamba mauaji yale yalikiuka sheria na haki za marehemu, akaagiza familia ilipwe shilingi milioni 10. Mjane huyo si Mkenya.