Kipandauso cha hedhi kinataka kalenda kabla ya kidonge
Na Zuhura Mbaraka

Mwanamke anayeshikwa na kipandauso kila siku zake zinapokaribia huwa na swali gumu: ameze dawa ya kinga kila siku, mwaka mzima, kwa ajili ya maumivu ya siku chache za mwezi? Nyumbani ataambiwa kwamba dawa ya kila siku ni utumwa, na kwamba hayo ni mambo ya kike, yanapita. Kliniki, kwa daktari mwenye foleni inayofika hadi getini, anaweza kutoka na cheti cha propranololi ya miezi mitatu kabla hajaulizwa hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe ngapi. Mimi nasema swali hilo halina jibu la jumla, na wala halipimwi kwa ukali wa maumivu peke yake. Linajibiwa na tarehe.

Tuanze na chanzo. Vijiweni husemwa kwamba kichwa hiki huletwa na homoni kuzidi mwilini. Ukweli ni kinyume chake: huletwa na estrojeni kuporomoka siku chache kabla ya damu kutoka. Mwaka 1972 daktari Brian Somerville wa Australia alilionyesha jambo hilo kwa njia nyepesi ajabu. Aliwadunga wanawake estrojeni hedhi ilipokaribia. Damu ikaja kwa wakati wake, lakini kichwa kikachelewa mpaka homoni ile ilipoanza kuisha mwilini. Alipowapa projesteroni mambo yakageuka: damu ikachelewa, kichwa kikaja vilevile. Kwa hiyo kipandauso hiki kina saa yake. Wataalamu hukiita cha hedhi pale kinapopiga kati ya siku mbili kabla ya damu na siku ya tatu tangu ianze, katika angalau mizunguko miwili kati ya mitatu. Ukihesabu, hilo ni dirisha la siku tano. Mwanamke ambaye vichwa vyake vyote huangukia humo, na ambaye mzunguko wake haubabaishi, sioni kwa nini ameze dawa siku 365. Anaweza kujikinga kwa muda mfupi: naprokseni asubuhi na jioni kuanzia siku mbili kabla ya hedhi, kwa siku kama sita, ikiwa tumbo halina vidonda, figo ni nzima na hana ujauzito. Nchi zenye frovatriptani huitumia kwa mtindo huohuo. Kwa mizunguko 13 ya mwaka, hizo ni siku 78 za dawa badala ya 365, na siku zilizobaki mwili unapumzika.

Ila siku tano ni za kwenye vitabu, na wanawake wengi hawana vichwa vitiifu kiasi hicho. Wanaposema "kinanishika nikiwa kwenye siku zangu" wanasema kweli, lakini si kweli yote. Kichwa cha hedhi huwa kikali zaidi, hudumu zaidi na hakisikii dawa upesi, kwa hiyo ndicho kinachokumbukwa, na vile vya katikati ya mwezi vinasahaulika. Hapa ndipo kalenda inapofanya kazi ambayo kumbukumbu haiwezi. Kalenda ya ukutani yenye picha ya kampuni ya saruji inatosha kabisa: H kwa siku ya hedhi, K kwa siku ya kichwa, D kwa siku aliyomeza dawa ya maumivu, hata kama ni panadol moja. Miezi mitatu ya herufi hizo itamsaidia daktari kuliko kipimo cha ubongo cha bei mbaya, ambacho kwa kipandauso cha kawaida hakionyeshi kitu. K zikifika nne au zaidi kwa mwezi, au zikiwa chache lakini zinamlaza kitandani na dawa ya maumivu haizigusi, kinga ya kila siku inastahili kuzungumzwa.

Herufi ninayoiogopa zaidi ni D. Simama kwenye duka la dawa muhimu jioni uone vidonge vinavyouzwa: muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinne kutoka kwenye bamba, anavitia kwenye kibahasha cha karatasi, basi. Maelezo ya ndani ya boksi yamebaki kwenye boksi. Vinne leo, vinne Ijumaa, vingine viwili vya kuazima kazini, na hakuna anayejumlisha. Anayemeza paracetamol au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yuko mahali ambapo dawa yenyewe inazaa kichwa kingine. Kwa dawa za mchanganyiko, zile zenye kafeini au kodeini ndani, mpaka uko chini zaidi, siku 10. Basi mwanamke anayekataa propranololi kwa sababu hataki kumeza dawa kila siku, huku kalenda yake ina D kumi na mbili, dawa ameshaianza zamani. Tofauti ni kwamba hakuna aliyempangia dozi. Kwake yeye kidonge kimoja cha kinga kinaweza kumpunguzia vidonge.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba tunaugeuza mwili wa mwanamke kuwa ugonjwa. Ningewasikiliza kama gharama ya kuvumilia ingekuwa ndogo. Takwimu za dunia za mwaka 2019 ziliyaweka maumivu ya kichwa, kipandauso kikiwa mbele, kuwa sababu ya kwanza ya watu kushindwa kufanya shughuli zao miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Tusidhani ni mambo ya Ulaya. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kaskazini mwa Tanzania, eneo la Haydom, ulikuta watu kama 4 kati ya 100 wana kipandauso, wanawake wakiwa karibu mara tatu ya wanaume. Kijijini mtu mwenye kipandauso bado anatakiwa kuchota maji.

Pingamizi jingine ni la anayesoma jina la dawa kisha akashtuka: hii si ya presha? Ile si ya sonona? Ndiyo, ni hizo. Propranololi ilitengenezwa kwa ajili ya moyo, na katika miaka ya 1960 ikaonekana kwamba mgonjwa aliyeinywa kwa moyo alipata nafuu ya kipandauso pia. Leo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo, na bei yake haitishi. Amitriptilini kwa kichwa huanza na miligramu 10 usiku, chini sana ya dozi ya sonona. Dawa hizi hazimletei mtu uteja. Lakini mwenye pumu asiiguse propranololi, na anayeitumia asiikate ghafla.

Pingamizi zito kuliko yote husikika mara chache: kinga ya kila siku haiponyi. Ikifanya kazi vizuri hupunguza vichwa kwa nusu, na unaisubiri miezi miwili au mitatu huku uchovu, kinywa kikavu au kuongezeka uzito vikikuudhi kabla ya nafuu kuonekana. Zaidi ya hapo, majaribio mengi ya dawa hizi hayakuwalenga wanawake wa kichwa cha hedhi. Silipingi hilo. Ndiyo maana nasema uamuzi uwe wa muda: miezi mitatu ya majaribio, kalenda ileile ukutani, na K zisipopungua dawa ibadilishwe au iachwe kwa utaratibu. Zikipungua, baada ya miezi sita hadi 12 ijaribiwe kupunguzwa. Dawa inayoandikwa upya mwaka baada ya mwaka bila mtu kuhesabu chochote ni mazoea tu.

Jambo moja sina subira nalo. Valproati na topiramati, dawa za kifafa zinazotumika pia kukinga kipandauso, hudhuru mtoto aliye tumboni. Kwa valproati, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na wengi zaidi hupata shida za ukuaji wa akili. Kichwa cha hedhi, kwa maana yake, ni cha mwanamke anayeweza kushika mimba. Kumwandikia dawa hizo bila kumuuliza kuhusu uzazi wa mpango ni uzembe, na topiramati inaweza hata kudhoofisha vidonge vya majira. Vidonge hivyo navyo vina hesabu yake: vikimezwa mfululizo bila wiki ya kupumzika huzuia estrojeni isiporomoke, na baadhi ya wanawake hupona kichwa kwa njia hiyo. Ila anayeona vimulimuli au mistari inayocheza machoni kabla ya kichwa kuanza asitumie vyenye estrojeni, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Vya projesteroni peke yake vinaruhusiwa.

Na yupo mama wa miaka 46 au 47 ambaye hedhi imeanza kuruka, mara baada ya siku 20, mara baada ya 50. Kinga ya siku sita haimfai, maana hajui aanze lini, na mara nyingi ndiye ambaye kichwa kimezidi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Huyo ningemshauri azungumze na daktari kuhusu dawa ya kila siku bila kusubiri K zifike nne. Hedhi ikishakoma kabisa na homoni zikatulia, kwa wengi kichwa hupungua chenyewe, na dawa inaweza kupunguzwa taratibu hadi kuachwa.