Bastola ya Kibindoni Isisahaulike

Katika maduka ya silaha ya Marekani swali la mnunuzi mgeni aghalabu ni moja: ipi iliyo ndogo kuliko zote, nyepesi, isiyomchoma ubavuni wala kutuna chini ya shati, apate kuitia kibindoni asubuhi na kuitoa usiku bila ya kuhisi kwamba mchana kutwa alikuwa na silaha mwilini mwake. Swali hilo siku hizi ni letu pia, kwa kuwa ndugu zetu wengi wa Kenya na Tanzania, na Wakongomani waliopelekwa huko kwa njia ya ukimbizi, wamefanya maskani yao Texas, Ohio na Minnesota, na wamo miongoni mwao madereva wa usiku, wenye maduka, na wauguzi watokao kazini usiku wa manane kupitia viwanja vitupu vya magari, ambao wameona, kwa haki waliyopewa na sheria ya nchi ile, kwamba yawapasa kujihami. Sikusudii kuamua hapa kadhia kongwe ya kama raia apewe silaha au anyimwe. Ninalokusudia ni dogo zaidi na, kwa yule aliyekwisha kukata shauri, ni la haraka zaidi: kwamba raha, ambayo wanunuzi huifanya mizani ya kwanza na wauzaji wakaisifu bila ya kuchoka, ndiyo mizani mbaya kuliko zote za kuchagulia bastola, kwa sababu silaha ambayo mwenyewe haihisi ni silaha atakayoisahau.

Tamaa ya bastola ndogo si ya leo. Fundi Henry Deringer wa Philadelphia, katika karne ya 19, alijipatia sifa kwa bastola fupi ya risasi moja iliyoingia mfukoni, na ni kwa bastola ya mkono wake ambapo John Wilkes Booth alimpiga Rais Abraham Lincoln usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 mjini Washington. Miaka arubaini baadaye John Browning aliwabunia Wabelgiji wa kiwanda cha FN bastola ya milimita 6.35 iliyokusudiwa mfuko wa kizibao. Tangu hapo ukubwa wa bastola umefuata sheria kuliko ulivyofuata hekima ya mafundi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968, iliyopitishwa baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, ilizuia bastola zilizo fupi mno zisiingizwe kutoka ng'ambo, hata Walther PPK ya Wajerumani ikafungiwa mlango, na wenyewe wakatwaa sehemu yake ya juu wakaiweka juu ya kiwiliwili kirefu zaidi cha ndugu yake PP, ikapita. Mwaka 1987 jimbo la Florida liliamuru kila aliyetimiza masharti apewe kibali cha kuchukua silaha iliyofichwa, na majimbo mengine mengi yakafuata. Mwaka 1994 sheria ya shirikisho, iliyodumu miaka kumi, ilikataza magazini mpya zenye risasi zaidi ya kumi. Na maadamu kumi ndizo zote, viwanda vikaona hakuna haja ya kuunda chuma kikubwa. Ruger ikaleta LCP mwaka 2008, yenye gramu zisizofika 300, na SIG Sauer ikaleta P365 mwaka 2018, ambayo kwa gramu 500 hivi iliweza kushika risasi kumi za milimita 9. Leo Texas na Ohio hazidai hata kibali kwa raia aliyetimiza miaka 21 na asiye na zuio la sheria, ilhali Minnesota bado inakidai.

Sasa na tuitazame ile iliyo ndogo kabisa ikiwa mkononi. Ukiishika LCP, vidole viwili ndivyo vipatavyo nafasi katika mpini wake. Kidole cha mwisho hubaki chini kikining'inia hewani. Mtutu wake hauzidi sentimita saba, na alama za kulengea za zile za mwanzo zilikuwa vinundu vidogo ambavyo jicho la mtu mzima, katika mwanga hafifu wa jioni, halivioni kabisa. Risasi inapotoka, kani ile ile ambayo katika bastola nzito ingemezwa na uzito wa chuma humrudia mpigaji katika kiganja na kifundo cha mkono, kwani kadiri chuma kinavyopungua ndivyo kinavyorudi nyuma kwa kasi. Na mkono ulioumizwa mara mbili hujifunza upesi kuogopa, ukaanza kuinamisha mtutu kabla risasi haijatoka, hata kila risasi ikaangukia chini ya shabaha. Mpigaji akiwa na kifundo dhaifu, kile kifuniko cha juu cha chuma hakifiki mwisho wa safari yake, ganda tupu likabanwa, na bastola ikanyamaza katika saa ambayo ilinunuliwa kwa ajili yake.

Bastola za duara, zile za risasi tano ambazo Smith & Wesson wamezitengeneza tangu mwaka 1950, zina fadhila ya kutokwama kwa urahisi, lakini nazo zina taabu yao. Ile nyepesi iitwayo 642 ina gramu mia nne na kitu, na kifyatulio chake hudai kani ya kilo tano na zaidi. Yaani kidole kinavuta kwa nguvu iliyozidi mara kumi uzito wa chombo chenyewe, na mtu asiyezoea hawezi kufanya hivyo bila ya kukipeleka kichwa cha mtutu upande. Kwa ajili hiyo nasema kwamba bastola ndogo ni silaha ya mjuzi, aliyepiga maelfu ya risasi na ajuaye nini anachokipoteza kwa kila gramu anayoiondoa. Na ni jambo la kusikitisha kwamba ndiyo inayowekwa mkononi mwa mwanafunzi, na hasa mwanamke, kwa hoja kwamba mkono mdogo unataka bastola ndogo. Kinyume chake ndiyo kweli. Kuvuta nyuma kifuniko cha bastola fupi kwataka vidole vya chuma, maana springi yake ni fupi na ngumu, na Smith & Wesson walipotaka mwaka 2018 kumsaidia mwenye mikono dhaifu kwa ile waliyoiita Shield EZ, waliifanya kubwa zaidi, wala hawakuipunguza.

Hata hivyo maumivu ya mkono ni sehemu ndogo ya hoja yangu. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walizikuta silaha 6,737 katika mizigo ya mkononi ya abiria, na katika kila mia moja, tisini na tatu zilikuwa zimejazwa risasi. Watu hawa hawakuwa watekaji nyara. Ni wafanyabiashara, bibi na babu waendao kuwatazama wajukuu, na jawabu lisikikalo mara nyingi kuliko yote ni kwamba mwenyewe alisahau kuwa imo ndani ya mkoba. Mwaka ule faini iliweza kukaribia dola 15,000, na kwa mgeni ambaye uraia wake bado uko njiani, kadhia ya namna hiyo mbele ya polisi ni balaa lisilohesabika kwa dola. Nani asahauye kilo nzima ya chuma iliyofungwa kiunoni kwa ukanda? Aghalabu hakuna. Kinachosahauliwa ni kile chepesi kilichotumbukizwa mahali pa starehe, chini ya kitambaa, baina ya miwani na funguo.

Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, Idaho, mama mmoja kijana, mwenye kibali halali na aliyezoea silaha tangu zamani, alikuwa akinunua vitu pamoja na watoto. Bastola yake, nyembamba, ya milimita 9, ilikuwa ndani ya mkoba uliotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, katika mfuko wake wa zipu, na mkoba ulikuwa ndani ya kigari cha kununulia, ambamo alikaa mwanawe wa miaka miwili. Mtoto akafungua zipu. Risasi moja ilitoka, mama akafa papo hapo. Sisemi hayo kumlaumu marehemu, ambaye alifanya yale aliyoshauriwa na wauza mikoba. Nasema kwa sababu mkoba ule ndio kilele cha fikra ya raha: silaha isiyogusa mwili kabisa, isiyomwelemea mtu, na kwa hiyo isiyo na mlinzi dakika ile mkono ushikapo chupa ya maziwa rafuni.

Wazee wetu wa Unguja na Lamu, na jamaa zao wa Oman mpaka leo katika siku zao za heshima, walivaa jambia mbele ya tumbo juu ya nguo, na kila aliyekutana nao alijua liko wapi. Silaha ile ililindwa na macho ya watu wote. Iliyofichwa haina mlinzi ila kumbukumbu ya mwenyewe, na kwa hiyo uzito wake, ule anaoulalamikia mnunuzi, ni mmoja wa walinzi wachache aliobaki nao.

Najua nitajibiwa, na jibu hilo si la kupuuzwa, kwamba bastola nzito iliyoachwa nyumbani haimfai mtu, na kwamba joto la Houston mwezi wa Agosti halimruhusu mtu kuvaa koti la kufichia chuma. Ni kweli kwamba Glock 19, yenye gramu 850 hivi ikishajazwa risasi zake 15, huwachosha wengi wasiozoea, na simlazimishi yeyote. Lakini wengi wa wanaolalamika hawajapata kuvaa bastola katika ala iliyo sawa wala ukanda ulio sawa. Hununua chuma kwa dola mia tano, kisha ala ya kitambaa laini kwa dola kumi na tano, wakaitia katika ukanda mwembamba wa suruali ya harusi, na bastola ikalala upande, ikachimba nyonga, nao wakailaumu bastola. Ala inayostahili jina hilo ni ngumu, ya plastiki nzito au ngozi iliyoumbwa kwa bastola ile ile, inafunika kifyatulio chote hata ukucha usipenye, na mdomo wake haujifungi bastola inapotoka, ili irudishwe kwa mkono mmoja bila ya kutazama. Ukanda uwe mnene, wa tabaka mbili. Kwa vifaa viwili hivyo, chuma cha gramu 500 au 600 hubebwa siku nzima bila ya maudhi, na bado mwili unajua kwamba kipo. Mwanamke asiyevaa ukanda hupata mkanda mpana wa kufunga tumboni, ilmuradi nao uwe na kipande kigumu juu ya kifyatulio. Na atakayeshikilia mfuko wa suruali, basi mfuko huo usiwe na kitu kingine chochote, si funguo wala sarafu, na bastola iwe ndani ya ala yake, na kila baada ya siku chache aitoe nyuzi na vumbi linalojikusanya mtutuni.

Mahali pengine pa kusahaulia silaha, baada ya mkoba, ni chooni. Mwaka 2015, katika jengo la Bunge mjini Washington, mtoto aliyezuru na wazazi wake aliikuta chooni bastola iliyoachwa na askari wa ulinzi. Dawa yake ni kutoitoa katika ala kamwe: ishuke na suruali, ipande na suruali.

Na muuguzi ambaye hospitali yake imekataza silaha ndani ya majengo, kama zifanyavyo hospitali nyingi, amsikilize anayemwambia kwamba bastola iliyoachwa chini ya kiti cha gari ni zawadi kwa mwizi. Ama sanduku la chuma lifungwe kwa waya mnene katika mwili wa gari, ama siku za kazi aiache nyumbani chini ya kufuli. Nyumbani nako kufuli ni faradhi. Kati ya watu 48,830 waliokufa kwa silaha za moto nchini Marekani mwaka 2021, watu 26,328 walijiua wenyewe, na bastola iliyo juu ya meza ya kitanda haichagui ni nani katika jamaa aliyezidiwa na huzuni usiku ule.

Jambo la sheria nalisema kwa ufupi, maana ni zito na wengi hawalijui: aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mtalii, sheria ya shirikisho humkataza kumiliki silaha au risasi ila kwa nafasi chache zilizotajwa, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji, hata kama jimbo analoishi halidai kibali; mwenye ukaazi wa kudumu yeye hazuiwi kwa hilo. Wala kibali cha kule hakivuki bahari, kwani Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake na bodi yake ya leseni.

Viwanja vingi vya shabaha huko Marekani hukodisha bastola kwa malipo madogo. Kabla ya kutoa mamia ya dola, mnunuzi aende na karatasi mbili, aikodi ile ndogo aliyoipenda na nyingine ya gramu 500 au 600, apige risasi 25 kwa kila moja katika umbali wa mita saba, pole pole, kisha aziweke karatasi hizo mbili juu ya meza na kuyahesabu matundu yaliyoingia katika duara la kati.