Kiangazi Kinaaga, Watoto Waachiwe Ufukwe

MWALONI
Na Asha Ramadhani

Mwishoni mwa Septemba milima ya Kongo huwa haionekani kutoka Ujiji. Imefichwa na moshi wa nyasi zinazochomwa pande zote mbili za ziwa na vumbi la miezi mingi bila mvua. Mtoto aliyezaliwa Juni hajawahi kuiona, wala hajawahi kulisikia paa la bati likipigwa na maji. Kisha mvua za kwanza zinashuka, hewa inatakata, na ng'ambo inajitokeza na miteremko yake yote, kilomita 50 hivi juu ya maji. Watu wazima wanaanza kuzungumzia mbegu na majembe. Watoto wananyoosha vidole.

Kigoma haina sikukuu ya kuaga kiangazi, na hilo linashangaza kwa mji unaoishi kwa ratiba ya ziwa na mvua. Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana Mwaka Kogwa kila Julai. Mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi unafungwa, kibanda cha makuti kinachomwa, wanaume wanachapana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie uwanjani, na mgeni yeyote anayepita anakaribishwa kula. Jirani zetu wa Rwanda wana Umuganura, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, siku ya mavuno ambayo watoto hupewa maziwa mbele ya wakubwa. Huku kwetu kiangazi kinaondoka bila kuagwa. Siku moja kuna vumbi, siku inayofuata kuna tope, na mtoto wa miaka minne anafungiwa ndani hadi Mei.

Safu hii ina pendekezo, na lina tarehe: Jumamosi, 26 Septemba 2026.

Sababu ni mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawavuta juu, wavu unawainua. Usiku wa mbalamwezi taa haina kazi, kwa kuwa ziwa zima lina mwanga na samaki wametawanyika. Ndiyo maana kila mwezi, kwa siku kadhaa, mitumbwi huvutwa mchangani Kibirizi, Katonga na Ujiji, nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, na wavuvi wanalala makwao. Mwaka huo mwezi mpevu wa Septemba unaangukia Jumamosi hiyohiyo. Shule hazisomi, mtihani wa darasa la saba umeshafanyika, na baba yupo nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo zito. Mtoto wa mvuvi wa usiku humwona baba yake akitoka jua likizama na akirudi asubuhi amechoka, na mchana anaambiwa asipige kelele kwa sababu baba amelala. Siku za mbalamwezi ndizo siku zake za kuwa na baba. Sherehe ya watoto wa mwambao huu ikipangwa kwa tarehe ya ofisini, nusu ya wazazi wao hawatakuwepo. Ikipangwa kwa mwezi, watakuja.

Gharama yake si kubwa. Samaki watakuwepo: mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazogawana ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na tangu hapo familia nyingi za Kigoma zinaijua ladha ya miezi mitatu bila dagaa wabichi. Septemba ni mwezi wa kula tena. Migebuka ya kuchoma, ugali wa muhogo, dagaa waliopikwa kwa mawese, mihogo ya kukaanga kwa wale wadogo wasiotulia kwenye sahani. Kila nyumba ilete sufuria moja na mkeka mmoja. Watoto wenyewe wataleta michezo: ukuti ukuti kwa wadogo, rede na kombolela kwa waliowazidi, tiara za mifuko ya plastiki kwa ajili ya upepo wa mwisho wa kusi, na vimashua vya kandambili zilizokatika.

Na mitumbwi iliyopumzika iwe darasa. Babu mmoja akiketi juu ya ubao wa mtumbwi, anaweza kuwasimulia MV Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikavushwa bahari, ikasafiri kwa reli hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina lake la sasa. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kuongezewa chumvi: meli imezama, imelala chini ya maji miaka minane, imerudi na kutembea. Wageni hufika Ujiji kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na ni haki yao, ila hadithi ya Liemba ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza masikioni mwa watoto wa hapa. Babu zao na bibi zao walisafiri nayo.

Wamo pia waliosafiri nayo kwa machozi. Mei 2015 maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na maji mpakani, na Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowaleta Kigoma. Kabla yao walikuja Wakongo, ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996. Ujiji yenyewe imejengwa na watu wa ng'ambo: Wamanyema, Wabembe, Wabwari na Wagoma waliochanganyika na Waha na watu wa pwani hadi mtaa mmoja ukawa na lugha nne na misiba ya pamoja. Neno "rafiki" hapa lina maana pana kuliko mtoto wa nyumba ya pili. Mkeka wa 26 Septemba uwe na nafasi ya mtoto ambaye mama yake anauza vitenge vya Kongo sokoni na hana ndugu mjini. Sherehe za ukoo huwa zinamwacha nje. Sherehe ya msimu haimuulizi ukoo.

Sasa maji. Kuyaogopa ni haki, kwa kuwa Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na ni Baikal tu duniani inayoizidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wa umri huo hawazami kilindini. Huzama ukingoni, maji yakiwa magotini kwa mtu mzima, huku wakubwa wakiwa karibu na wakiongea. Kwa hiyo kila kundi la watoto liwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake saa ile ni kutazama tu: hapiki, hashiki simu, hapokei wageni, na anapochoka anampa mwingine zamu kwa kumtaja jina. Vijana wa mwaloni wanaojua kuogelea wakae upande wa maji. Dumu tupu lililofungwa kamba liwe mkononi mwao.

Kichocho nacho kipo. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia penye majani na matete, basi watoto wapelekwe kwenye mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi. Wanafunzi hupewa dawa shuleni, lakini kwa miaka mingi wadogo zao wa nyumbani hawakuwa na dawa ya umri wao. Dawa hiyo, iliyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, ilipata kibali cha kitaalamu cha Ulaya Desemba 2023 kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Wazazi wa mwambao wana kila sababu ya kuiulizia kwenye zahanati zao. Maji ya kunywa yatoke nyumbani yakiwa yamechemshwa. Kagunga ya 2015 ilitufundisha jinsi kipindupindu kinavyosafiri pale watu wengi wanapochota ziwani na kujisaidia karibu nalo.

Linabaki suala la mahali. Ziwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu za fukwe tulizozizoea, na kilichobaki kinazungushiwa uzio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya mazingira, na mtoto ni sehemu ya mazingira hayo. Mtoto mwenye nauli ya bodaboda na kiingilio ana pa kwenda. Wa Mwanga, wa Gungu na wa Kibirizi asiye na vyote viwili anahitaji kipande cha mchanga anachoweza kukifikia kwa miguu, kisicho na chupa zilizovunjika wala geti.

Halmashauri hazihitaji bajeti mpya kwa hili. Manispaa ya Kigoma/Ujiji inaweza kutaja mapema fukwe mbili au tatu, kuzisafisha Ijumaa, kuleta matundu ya choo na tangi la maji, na kuomba kikosi cha uokoaji kiwe karibu. Viongozi wa mialo wapange mitumbwi upande mmoja ili upande wa pili ubaki mchanga mtupu. Misikiti itangaze baada ya swala ya Ijumaa, na makanisa Jumapili inayotangulia. Waalimu wa chekechea ndio wanaowajua watoto kwa majina, hivyo orodha za makundi zianzie kwao. Muda unatosha, na mazungumzo ya kwanza yafanyike mwaloni, siku za mbalamwezi ijayo, wavuvi wakiwepo.